Samaki wa Longfellow na mtaa wa juu ya kilima

Mvua za vuli zinapoanza mjini Seattle, Marekani, samaki wa samoni aina ya coho huwa wanazingoja. Kijito cha Longfellow, upande wa magharibi wa mji, hupungua sana wakati wa kiangazi, kwa hiyo samaki hukaa nje mpaka mvua ikijaze. Ikinyesha, wanaingia Mto Duwamish, wanapita katika bomba refu lililofukiwa chini ya kiwanda cha chuma, kisha wanatokea kijitoni. Wametoka baharini walikokaa kama mwaka mmoja na nusu, wamenenepa, na majike wamebeba mayai. Saa chache baadaye wanaanza kuzunguka juu ya maji huku wameachama, wanalala ubavu, hawajui mbele wala nyuma. Kisha wanakufa. Ukiwapasua majike hao utakuta mayai bado yamejaa tumboni.

Juu ya kilima kinachomwaga maji yake katika kijito hicho kuna mtaa wa nyumba 1,600 uitwao High Point. Ulijengwa upya kuanzia mwaka 2003, na tangu ramani ya kwanza ulipangwa kwa nia ya kukilinda kijito. Nimeusoma mradi huu kwa muda mrefu, na kila nikiurudia naona jambo lile lile: wajenzi walifanya kazi nzuri kuliko walivyojua wenyewe, na bado samaki wanaendelea kufa. Kuyaelewa mambo hayo mawili kwa pamoja ndiko kulikonifanya niandike uchambuzi huu.

Mtaa wenyewe

High Point imepewa jina kwa sababu hapo ndipo mahali pa juu kuliko pote mjini Seattle. Nyumba za kwanza zilijengwa mwaka 1942, wakati wa vita, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha na ndege. Vita vilipokwisha zikawa nyumba za umma za watu wenye kipato kidogo. Zilikuwa 716, za mbao, zilizojengwa haraka haraka, na kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimechoka kabisa. Mwaka 2000 serikali kuu ya Marekani ilitoa dola milioni 35 kupitia mpango wa HOPE VI, na Mamlaka ya Nyumba ya Seattle ikaamua kubomoa kila kitu na kuanza upya kwenye ekari 120: barabara mpya, mabomba mapya, nyumba mpya, karibu nusu yake zikiwa za wenye kipato kidogo. Wengi wa wakazi walikuwa familia za wahamiaji na wakimbizi kutoka Somalia, Ethiopia, Vietnam na Cambodia. Awamu ya kwanza ilikuwa na nyumba 35 zilizotengenezwa maalumu kwa familia zenye watoto wagonjwa wa pumu, jambo ambalo peke yake lingestahili makala yake.

Nafasi kama hiyo haipatikani mara nyingi mjini. Kwa kawaida mhandisi wa maji hukuta mtaa umeshajengwa, mabomba yako chini ya lami, na kila badiliko linamlazimu kuchimbua barabara iliyo mbele ya mlango wa mtu. Hapa palikuwa ardhi tupu ya vitalu 34, yote mali ya mamlaka moja, na yote inateremka kuelekea kijito kimoja.

Shirika la maji na majitaka la mji, Seattle Public Utilities, liliiona nafasi hiyo. Mwaka 2001 lilikuwa limemaliza jaribio katika kipande kimoja tu cha barabara ya 2nd Avenue NW, kaskazini mwa mji. Waliifanya barabara iwe nyembamba na yenye kupindapinda, wakaondoa mabomba, wakachimba mabonde madogo ya nyasi na vichaka pembeni ili maji yanywewe pale pale. Vipimo vilionyesha kwamba maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kipande hicho yalipungua kwa asilimia 99. Hesabu hiyo ilitoka kwenye kipande kimoja, na swali likawa kama mtaa mzima unaweza kufanya hivyo.

Walichodhani wanakitibu

Hapa inabidi kutulia kidogo, maana ndipo penye ufunguo wa kisa.

Wakati ule, ugonjwa waliokuwa wakiutibu ulikuwa wingi na kasi ya maji. Msitu wa mierezi na misonobari uliokuwepo kabla ya mji ulikuwa ukinywa karibu mvua yote. Paa, lami na zege haviwezi kunywa. Mvua ya milimita 10 tu ikinyesha juu ya ekari 120 ni takriban lita milioni 4.8 za maji, na yote yakikusanywa na mabomba hufika kijitoni kwa muda mfupi. Kijito kinafura, kinakwangua kingo zake, kinasomba changarawe ambamo samoni hufukia mayai, au kinaifunika kwa tope hadi mayai yakose hewa. Mvua ikikoma, hakuna maji yaliyohifadhiwa ardhini ya kukilisha kijito, kwa hiyo kinakauka haraka. Seattle hupata kama milimita 950 za mvua kwa mwaka, chini ya Dar es Salaam, lakini zinakuja polepole kuanzia Oktoba hadi masika yao, siku baada ya siku.

Kwa hiyo shabaha iliyowekwa ilikuwa ya kihandisi: mvua kubwa ya saa 24 ya aina inayotarajiwa mara moja kila miaka 2 ikinyesha, mtaa wa High Point utoe maji kama ambavyo eneo la malisho ya nyasi lingetoa. Waliochora walikuwa kampuni ya Mithun kwa mpango wa jumla, na SvR kwa barabara na maji.

Walichofanya kinaonekana kwa macho mpaka leo. Barabara za ndani ni nyembamba kuliko za kawaida, na badala ya kuwa na mgongo katikati unaomwaga maji pande zote mbili, zimeinamishwa upande mmoja. Upande huo ukingo wa zege umekatwa nafasi kila baada ya hatua kadhaa. Maji yanaingia kwenye nafasi hizo na kushuka katika mfereji mpana, usio na kina kirefu, wenye nyasi au vichaka. Ukiupita wakati wa kiangazi utadhani ni bustani tu. Jumla ya mifereji hiyo ni kama kilomita 6 na nusu. Chini ya nyasi waliondoa udongo uliokandamizwa na mashine wakaweka udongo uliochanganywa na mboji, laini, wenye matundu, ambao maji yanapenya bila kusimama.

Nyumbani, milizamu ya paa haikuunganishwa na bomba. Inamwaga maji juu ya kibao cha zege, nayo yanasambaa bustanini. Njia nyingi za miguu ni za zege linalopitisha maji, na mtaa huu ulikuwa na barabara ya kwanza ya aina hiyo katika jimbo la Washington. Zaidi ya miti 100 mikubwa iliyokuwepo tangu zamani iliwekewa uzio wakati wa ujenzi ili mizizi yake isikanyagwe na magari ya mizigo. Maji yanayobaki baada ya yote hayo yanakusanyika katika bwawa upande wa kaskazini, lenye njia ya kutembea kulizunguka, kabla ya kuachiwa kuelekea Longfellow.

Bwawa ndilo watu wanalolipiga picha, lakini kwa maoni yangu siyo lililo muhimu zaidi. Bwawa ni hifadhi ya kuchelewesha maji, na mradi wowote wa kawaida ungekuwa nalo, pengine kubwa zaidi. Kazi inafanyika kwenye ule udongo wa pembeni mwa barabara, mahali ambapo hakuna mgeni anayesimama.

Makubaliano hayakuja kirahisi. Mamlaka ya nyumba ilikuwa na hofu za kueleweka: gharama, maji kupenya kuelekea misingi ya nyumba kwenye mteremko, watoto na mifereji iliyo wazi, na swali la nani ataitunza miaka 20 baadaye. Jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa kuunda chama cha kusimamia maeneo ya wazi, kinachotunza mifereji na bustani za pamoja. Naliona hilo kuwa moja ya maamuzi ya busara kuliko yote ya mradi. Mfereji wa nyasi usiotunzwa hugeuka shimo la takataka. Majani yakiziba nafasi za ukingo, maji yanapita juu juu na kurudi barabarani. Zege linalopitisha maji nalo huhitaji kufyonzwa vumbi kwa mashine, la sivyo matundu yanaziba na unabaki na zege la kawaida lililojengwa kwa bei ya juu.

Samaki waliorudi wakafa

Wakati High Point inachorwa, chini bondeni kulikuwa na kazi nyingine. Katika miaka ya 1990 mji na wananchi walikuwa wamekirejesha kijito chenyewe: waliondoa vizuizi vilivyozuia samaki kupita, wakatumbukiza magogo ili kutengeneza vidimbwi vya kupumzikia, wakapanda miti ya asili kingoni, wakajenga njia ya miguu na daraja lenye umbo la mifupa ya samaki. Coho wakarudi. Fikiria furaha ya watu waliokuwa wamepanda miti ile kwa mikono yao.

Kisha wakaanza kuwakuta wamekufa. Wanasayansi wa shirika la serikali la bahari na anga, NOAA, wakiongozwa na Nathaniel Scholz, walifuatilia kijito hiki vuli baada ya vuli katika muongo wa kwanza wa karne hii. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011: katika Longfellow, kati ya asilimia 60 na 100 ya coho waliorudi walikufa kabla ya kutaga. Katika kijito cha kulinganisha kilicho nje ya mji, vifo vya aina hiyo havikufika asilimia 1. Walichunguza magonjwa, joto la maji, upungufu wa oksijeni, dawa za wadudu, metali. Hakuna kilichotosheleza. Ramani peke yake ndiyo iliyosema jambo wazi: kadiri eneo linalomwaga maji lilivyokuwa na barabara nyingi na magari mengi, ndivyo samaki walivyokufa zaidi.

Jambo la pili lililowashangaza ni kwamba binamu wa coho, samoni aina ya chum, alikuwa akiogelea katika maji yale yale bila kudhurika.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti ambao kwangu ndio kiini cha kisa kizima, ingawa haukufanyika High Point. Watafiti, akiwemo Jenifer McIntyre wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, walikusanya maji ya mvua kutoka barabara kuu wakawaweka coho wazima ndani yake. Wakafa wote. Maji mengine kutoka barabara ile ile waliyapitisha kwanza kwenye mapipa yenye mchanganyiko wa mchanga, mboji na maganda ya miti. Coho waliowekwa katika maji hayo yaliyochujwa waliishi wote. Hakukuwa na kemikali ya kutibia wala mtambo wa umeme. Ulikuwa udongo wenye mboji, wa jamii ile ile waliyoiweka High Point zaidi ya miaka 10 kabla, wakidhani wanapunguza kasi ya maji.

Sumu yenyewe ilikuwa bado haijajulikana jina. Ilitajwa Desemba 2020. Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington huko Tacoma walichukua maji yaliyolowekwa vipande vya matairi, yenye kemikali zaidi ya 2,000, wakayagawa mafungu mafungu, wakipima kila fungu kwa samaki, mpaka wakabaki na moja. Matairi yote ya magari huwekewa kemikali iitwayo 6PPD. Kazi yake ni kujitoa mhanga: ozoni ya hewani ikilishambulia tairi, 6PPD huipokea yenyewe ili mpira usipasuke. Ikishaungana na ozoni inageuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni, na hicho ndicho kinachoua coho. Vipimo vilivyosahihishwa mwaka 2022 vinaonyesha kwamba nanogramu 95 hivi katika lita moja zinatosha kuua nusu ya coho wadogo waliomo. Kwa hesabu hiyo, gramu moja inatosha kuharibu lita milioni 10.

Tairi linasagika kila gari linapopiga breki na kupinda kona. Vumbi lake linakaa barabarani kiangazi chote likisubiri maji, na coho nao wanasubiri maji hayo hayo. Mvua ya kwanza ya vuli inayowafungulia njia ndiyo inayowaletea sumu ya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Kila nikifika hapa katika kisa hiki huwa naona uchungu, kwa sababu samaki hakosei. Anafanya vile vile kizazi chake kilivyofanya tangu kale.

Kuisoma High Point upya

Ukiitazama High Point kwa ujuzi wa leo, hukumu yake inabadilika. Kwa shabaha iliyowekwa, ya wingi na kasi ya maji, ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Kwa shabaha ambayo hakuna aliyeijua, ya sumu ya matairi, ilikuwa kazi bora zaidi, kwa sababu walikataa njia rahisi ya kuingiza maji ya barabara moja kwa moja kwenye bomba na kuyapeleka bwawani. Kila tone linalopita kwenye mfereji wa nyasi linakutana na mboji kabla ya kukutana na samaki.

Lakini High Point haizidi sehemu moja ya kumi ya eneo linalomwaga maji katika Longfellow. Sehemu nyingine zote ni mitaa ya zamani, maegesho ya maduka, na barabara kama 35th Avenue SW na Delridge Way SW zenye magari mengi zaidi kwa mbali kuliko vichochoro vya ndani vya High Point. Coho hakutani na maji ya High Point peke yake. Anakutana na mchanganyiko, na sumu yenye nguvu ya namna hii haihitaji kutoka kila mahali. Maji safi ya sehemu moja hayawezi kuizimua ile inayotoka sehemu tisa. Wafanyakazi wa kujitolea wa Puget Soundkeeper, shirika la kulinda maji, wanaopita kingoni kila vuli kuhesabu mizoga na kupasua matumbo wanaendelea kuandika majike wengi waliokufa na mayai yao.

Kosa ninaloliona si la wajenzi. Ni la namna tunavyochora mipaka. Mradi wa nyumba hupimwa kwa uzio wake, na kijito hupimwa kwa kingo zake. Sheria nyingi za kulinda mito hufuata desturi hiyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kwa mfano, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri na ninatamani ifuatwe. Ila isingekisaidia sana Longfellow, kwa sababu kinachowaua samaki kinatoka nje kabisa ya mita 60, kwenye njia panda iliyo juu ya kilima ambapo magari yanasimama na kuondoka kutwa nzima, kisha kinasafiri kwa bomba.

Ningekuwa mezani wakati wa kupanga mradi mwingine kama huu, ningeomba mambo mawili tofauti. Kwanza, udongo mzuri kuliko wote na mfereji mpana kuliko yote uwekwe kando ya barabara yenye magari mengi zaidi, hata kama barabara hiyo iko mpakani mwa kiwanja au nje yake. Mtaa wa ndani wenye magari kumi kwa saa unaweza kungoja. Pili, sehemu ya fedha za mapambo ya kingo ihamishiwe juu kilimani. Magogo na miti ya Longfellow ilikuwa kazi njema, lakini ilitengeneza nyumba nzuri ya samaki ambao hawakufika kuikalia. Maji yakishasafishwa, magogo hayo yatakuwa na faida yake. Sasa mfuatano uko kinyume.

Seattle imeelewa hivyo kwa kiasi, na imekuwa ikiongeza mifereji ya udongo katika mitaa mingine ya bonde hilo, kipande kwa kipande. Ni kazi ya polepole, kwa sababu ile nafasi ya ardhi tupu haipo tena. Kila mfereji sasa unachimbwa mbele ya nyumba ya mtu, kwenye nafasi ambayo jirani alizoea kuegesha gari lake.

Njia ya mkato ni kubadilisha matairi yenyewe. Agosti 2023 makabila matatu ya wenyeji, Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup, yaliiomba idara ya mazingira ya Marekani ipige marufuku 6PPD katika matairi, na Novemba mwaka huo idara ilikubali kuanza mchakato. Makabila hayo yana sababu nzito. Katika jimbo la Washington, mikataba ya miaka ya 1850 iliwahifadhia wenyeji haki ya kuvua, na hukumu ya Jaji George Boldt ya mwaka 1974 ilithibitisha kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni mali yao. Nusu ya samaki waliokufa haiwezi kuliwa. California nayo, mwezi Oktoba 2023, iliwataka watengenezaji wa matairi yenye 6PPD watafute mbadala. Mbadala unapaswa kulinda tairi lisipasuke mtu akiwa kwenye mwendo kasi, na usiwe na sumu nyingine ya kuwashangaza watafiti baada ya miaka 20, kwa hiyo hautapatikana kesho.

Mpaka hapo, kinachosimama kati ya tairi na coho ni sentimita chache za mboji. High Point inayo, kilomita 6 na nusu. Kila mwaka kabla ya Oktoba kuna mtu anayepaswa kupita na reki, kuondoa majani yaliyoziba zile nafasi kwenye ukingo wa zege, ili mvua ya kwanza ikija ipate pa kuingilia.